Mkusanyiko Nao ni Kazi ya Msanii

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa roki kuna hukumu iliyokatwa zamani na ambayo karibu kila mtu anairudia: albamu ya mkusanyiko si albamu. Ni kiporo, wanasema. Kampuni imepasha moto nyimbo za zamani ili ivune pesa mara ya pili kwa jasho lilelile. Msikilizaji wa kweli, kwa hukumu hii, hufuata albamu kamili moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa miaka, na mkusanyiko huachiwa mgeni asiye na muda. Nimeisoma kauli hiyo magazetini, nimeisikia redioni, na nimeisikia kwa watu ambao masikio yao nayaheshimu sana. Naipinga, na shahidi wangu ni santuri tatu zilizotoka pamoja Oktoba 1977 kwa jina fupi: Decade.

Mwenye kazi hiyo ni Neil Young, Mkanada aliyezaliwa Toronto mwaka 1945 na kuingia Los Angeles mwaka 1966 akiendesha gari kuukuu la kubebea maiti. Huko akaanza na kundi la Buffalo Springfield, kisha akaimba kwa jina lake mwenyewe, akapiga na bendi ya Crazy Horse, akajiunga na Crosby, Stills na Nash, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Kufikia 1977 alikuwa hajatimiza miaka 32, lakini nyuma yake kulikuwa na kazi ambayo wengine huifanya kwa maisha mazima. Decade ina nyimbo 35 kutoka katika safari hiyo yote. Alizichagua mwenyewe, akazipanga mwenyewe, na akaziandikia maelezo mafupi kwa mwandiko wake. Tano kati yake umma ulikuwa haujawahi kuzisikia akiziimba hivyo.

Msanii anapoketi kuchagua, kupanga na kueleza nyimbo zake, anatunga upya. Kinachotoka hapo ni kazi, na kinastahili kupimwa kama kazi. Hilo ndilo ninalolitetea, wala sitetei kila santuri iliyobandikwa jina la nyimbo bora.

Tuanze na dai kwamba albamu kamili ndiyo umbo halisi la muziki huu. Dai hili ni changa kuliko wanavyodhani wanaolishikilia. Kampuni ya Columbia iliingiza sokoni santuri ndefu mwaka 1948. Kabla ya hapo santuri ilibeba wimbo mmoja kila upande, na watu walizihifadhi kwenye majalada kama ya picha. Chuck Berry na Little Richard walijenga roki kwa nyimbo mojamoja za dakika mbili au tatu. Albamu ya roki inayosikilizwa mwanzo hadi mwisho kama kitu kimoja ni tabia iliyoshika mizizi katikati ya miaka ya 1960. Johnny Mathis alikwishatoa mkusanyiko wake, Johnny's Greatest Hits, mwaka 1958, kabla ya karibu albamu zote ambazo leo zinasujudiwa. Kwa hiyo mkusanyiko haukuja kuiba mali ya albamu. Albamu ndiyo iliyoukuta mkusanyiko tayari uko nyumbani.

Na sisi wa Afrika Mashariki tulipaswa kuwa wa mwisho kuipokea hukumu hii bila kuihoji. Muziki wetu wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 ulitoka kwenye santuri ndogo, mara nyingi wimbo mmoja ukikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili magitaa yakichachamaa. Santuri ndefu, ilipokuja, mara nyingi ilikuwa ni nyimbo hizohizo zilizokwisha kuvuma, zimewekwa pamoja. Hakuna aliyesema mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe si mtunzi kamili kwa sababu hiyo.

Ushairi wetu unatufundisha zaidi. Mashairi mengi ya Kiswahili ya karne ya 20 yalianza magazetini, kama Mambo Leo lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923. Watu waliyasoma, wakayajibu, wakayasahau au wakayakariri. Baadaye washairi waliyakusanya kuwa diwani. Mwalimu gani wa fasihi amesimama mbele ya darasa akasema diwani ni ya wasomaji wavivu, na kwamba msomaji wa kweli atafute matoleo ya gazeti moja baada ya jingine? Tunajua kwamba shairi likiwekwa karibu na shairi jingine linaanza kusema jambo ambalo peke yake halikulisema. Tunajua hivyo kwa mashairi. Kwa nini tusikubali kwa nyimbo?

Sasa tuingie ndani ya Decade yenyewe, kwa sababu mabishano haya hayaamuliwi kwa nadharia. Yanaamuliwa kwa kusikiliza wimbo gani unafuata upi.

Februari 1972 Young alitoa Harvest, albamu iliyouzwa kuliko nyingine zote Marekani mwaka ule. Mwezi uliofuata wimbo wake Heart of Gold ukashika namba moja. Gitaa tulivu, harmonika, Linda Ronstadt na James Taylor wakiitikia nyuma: wimbo mzuri, mwepesi kuupenda, na ndio ambao mtu asiyemjua Young kabisa pengine anaujua. Kampuni ikitengeneza mkusanyiko, wimbo wa namna hiyo huwekwa mlangoni kama chambo. Young ameuweka wa 22. Msikilizaji anaufikia akiwa amekwisha kupita Buffalo Springfield, amekwisha kupita Down by the River na Cowgirl in the Sand, nyimbo mbili ndefu ambazo Young amesema alizitunga akiwa na homa kali. Amekwisha pia kuisikia Helpless, wimbo wa kuukumbuka mji wa utotoni huko Ontario, ikifuatwa papo hapo na Ohio.

Nasimama kidogo kwenye makutano hayo ya Helpless na Ohio. Mei 4, 1970, askari wa Jeshi la Akiba la Ohio waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kent State, wanne wakafa. Young aliandika wimbo, kundi lake na Crosby, Stills na Nash likaurekodi mwezi huohuo, na Juni ulikuwa tayari madukani. Katika Decade, mtu anatoka kwenye kumbukumbu ya mtoto wa Kanada aliyelelewa chini ya anga pana, na mara anaingia kwenye gitaa lenye hasira na idadi ya vijana waliouawa. Baada ya hapo unakuja wimbo uitwao Soldier. Nyimbo hizo tatu zilitoka mahali tofauti: albamu ya kundi, santuri ndogo, na muziki wa filamu. Hakuna albamu kamili iliyowahi kuziweka pamoja, wala haingeweza. Aliyeziunganisha ni mtunzi, katika mkusanyiko, na maana inayozaliwa kati yao haipatikani kwingine kokote.

Turudi kwenye Heart of Gold. Baada yake inakuja Star of Bethlehem, wimbo wa mapenzi yaliyovunjika alioukamilisha mwaka 1974, Emmylou Harris akimsaidia kuimba. Kisha The Needle and the Damage Done, kisha Tonight's the Night, kisha Tired Eyes. Mpangilio huo una habari kamili ndani yake. Katika Harvest, The Needle ulikuwa wimbo wa tisa, umerekodiwa jukwaani kwa gitaa moja na sauti moja, na makofi ya watazamaji yanakatwa ghafla na bendi nzima ikianza wimbo mwingine wa mwisho. Ulitungwa wakati Danny Whitten, mpiga gitaa wa Crazy Horse, bado yu hai lakini heroini imekwisha kumshika. Novemba 1972 Young alimrudisha Whitten nyumbani kutoka mazoezini kwa kuwa hakuweza tena kupiga. Siku hiyohiyo Whitten akafariki. Mwaka uliofuata Bruce Berry, kijana aliyewabebea vyombo, naye akafa kwa heroini. Kutokana na vifo hivyo viwili ndipo ilipotoka albamu ya Tonight's the Night, iliyorekodiwa 1973 usiku kwa usiku, sauti zikikwaruza na magitaa yakipotea njia, na ambayo haikutoka madukani mpaka 1975.

Anayesikiliza Harvest peke yake anauchukua The Needle kama onyo. Anayesikiliza Tonight's the Night peke yake anaanzia msibani. Decade inaviweka viwili hivyo kimoja kando ya kingine: onyo, kisha kaburi. Juu yake kidogo umekaa wimbo ule mtamu uliomfanya tajiri. Hapo ndipo unapoelewa kwamba utajiri ule na msiba ule vilimkuta mtu mmoja, ndani ya miaka miwili ileile, 1972 na 1973. Mimi sijui namna nyingine ya kulisema jambo hilo kwa muziki kwa uwazi kiasi hicho. Anayesema hii ni kazi ya kupasha kiporo anieleze ni ofisa gani wa mauzo angekaa akafikiri kumpeleka mnunuzi kutoka kwenye wimbo unaopendwa kuliko zote hadi kwenye mauti kwa hatua nne.

Halafu kuna maelezo aliyoyaandika. Kuhusu Ohio anasema bado ni vigumu kwake kuamini kwamba ilimlazimu kuutunga, na anakiri wazi kinaya cha kwamba yeye alinufaika kutokana na vifo vya wanafunzi wale. Anaongeza kwamba David Crosby alilia walipomaliza kuurekodi. Msanii aliyetaka kujipamba hangeandika hivyo kwenye jalada la santuri zake mwenyewe. Kuhusu Heart of Gold anaandika kwamba wimbo huo ulimweka katikati ya barabara, kwamba kusafiri hapo kukaanza kumchosha, akaamua kuelekea mtaroni. Safari ikawa ya misukosuko zaidi, lakini watu aliokutana nao huko walikuwa wa kuvutia zaidi.

Maneno hayo machache yaliamua namna ambavyo ulimwengu ungemsoma Young tangu hapo. Wachambuzi waliyachukua, na leo Time Fades Away, On the Beach na Tonight's the Night hujulikana kwa pamoja kama albamu zake tatu za mtaroni. Vitabu na makala kuhusu Young hutumia jina hilo kana kwamba lilikuwepo siku zote. Lilitoka kwenye mkusanyiko. Wale wanaotuambia tuziache santuri za namna hii na tusikilize albamu kamili peke yake, wanapokuja kuzieleza albamu hizo kamili, hutumia ramani waliyochorewa na Decade. Wakiikataa kazi hii, waikatae na ramani yake, tuone watazungumzaje.

Zipo pia nyimbo ambazo hazikuwa na makao mengine. Winterlong ni mmoja wa nyimbo bora za mapenzi alizowahi kutunga. Aliyezinunua albamu zake zote mojamoja mpaka 1977, bila kukosa hata moja, hakuwa nao. Kundi la Pixies liliuimba upya mwaka 1989, likiutwaa kwenye urithi wa mkusanyiko. Campaigner unamtazama Richard Nixon baada ya kuanguka, rais ambaye Young alimtaja kwa ghadhabu katika Ohio, na safari hii unamtazama kwa huruma. Weka Ohio na Campaigner ndani ya kazi moja, kama alivyofanya yeye, na utaona mtu aliyebadilika kati ya 1970 na 1976. Huo ni wasifu, na mwandishi wake ni yeye mwenyewe.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, na sitaikwepa. Wanasema: vipi Legend? Albamu hiyo ya Bob Marley ilitoka 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake, na ndiyo ambayo wengi wetu, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, tulimjulia Marley. Toleo lake la mwanzo halina hata wimbo mmoja kutoka Survival ya 1979, albamu yenye bendera za Afrika kwenye jalada lake, albamu ya Africa Unite na Zimbabwe. Marley alikwenda Salisbury, ambayo sasa ni Harare, Aprili 1980 kuuimba wimbo huo usiku wa uhuru, lakini mkusanyiko unaomtambulisha duniani ukamwacha mtu huyo nje na kumkaribisha mwenye kuimba mapenzi na faraja. Hilo ni dhara kubwa, na wanaolilalamikia wana haki kabisa. Mimi mwenyewe linanichoma.

Lakini angalia kilicholisababisha. Marley hakuwepo. Mkono uliochagua haukuwa wake. Ulikuwa wa watu wa kampuni waliotafuta wanunuzi wapya. Kosa la Legend haliwezi kugeuzwa kuwa kosa la kila mkusanyiko, kama vile tafsiri mbovu ya kitabu kimoja haifanyi tafsiri zote kuwa mbovu. Linatufundisha swali la kuuliza kwanza kabla ya kuhukumu: nani alichagua?

Young mwenyewe ametupa kipimo cha pili. Mwaka 2004 ilitoka santuri yake nyingine, Greatest Hits, nyimbo 16. Humo ilielezwa wazi kwamba nyimbo ziliingia kwa kufuata mauzo, kupigwa redioni na kupakuliwa mtandaoni. Ni nyimbo nzuri zote. Lakini ziweke santuri hizo mbili kando kwa kando. Ile ya 2004 inasema watu walipenda nini. Ile ya 1977 inasema mtu aliishi vipi. Mwimbaji ni yuleyule, nyimbo kadhaa ni zilezile, na kinachotofautisha ni kwamba moja ilichaguliwa na hesabu na nyingine na aliyezitunga. Anayeziita zote mbili kwa dharau moja hajasikiliza, amesoma jalada tu.

Na hapa nawajibu pia wale wanaosema mjadala umepitwa na wakati, kwamba simu sasa inakupangia nyimbo za msanii yeyote kwa kugusa mara moja. Inakupangia, ndiyo, lakini kwa hesabu ileile ya 2004: kinachosikilizwa zaidi kinawekwa juu, na kwa kuwa kiko juu kinazidi kusikilizwa. Kwa mpango huo Heart of Gold utakuwa mlangoni daima, na Tired Eyes hautafikiwa na mtu. Kadiri mashine zinavyozidi kutuchagulia, ndivyo mkusanyiko uliopangwa na mwenye nyimbo unavyozidi kuwa na thamani.   Bruce Springsteen mwaka 1998 alitoa Tracks, nyimbo 66, nyingi alizokuwa amezizuia. Hakuna hesabu ya mauzo ambayo ingezaa kazi hiyo.

Imebaki hoja ya mwisho, na hii huletwa na wasikilizaji makini zaidi: msanii akijichagulia, si atajificha? Kweli, Decade haina wimbo hata mmoja kutoka Time Fades Away ya 1973, albamu chungu ya ziara aliyoifanya mara baada ya kifo cha Whitten. Young hakuipenda, alisema hivyo hadharani, na kwa miongo mingi aliiacha bila kutolewa tena. Naona alikosea, kuna ukweli mule ambao kazi yake ingeupokea vizuri. Lakini kosa hilo nalifahamu kwa sababu ni lake. Naweza kubishana nalo, naweza kumuuliza kwa nini, naweza kuona mahali ambapo jeraha lilikuwa bado bichi kiasi cha kutoguswa. Hata lile aliloacha nje ni sehemu ya alichosema. Albamu kamili nazo zina nyimbo zilizoachwa studio, na nyingine huachwa nzima: Homegrown, aliyoirekodi 1974 na 1975, aliiweka kabatini akaitoa 2020. Kuchagua na kuacha ndiyo sanaa yenyewe, katika umbo lolote. Anayeukataa mkusanyiko kwa sababu mtunzi ameacha kitu, itambidi akatae kila kitabu kilichowahi kuchapishwa.

Sibishani kuhusu Neil Young kwa ajili yake, hanihitaji. Ninabishana kwa sababu dharau hii inatugharimu hapa. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979 akiwa na miaka 34. Santuri zilizokusanya nyimbo zake baada ya hapo zimeuhifadhi muziki wake, na tunawashukuru waliozitoa, lakini hakuna hata moja inayoweza kutuambia yeye angeanzia wapi, angeuweka wimbo upi kando ya upi, na ni upi ambao mpaka mwisho ulimsumbua moyoni. Nyimbo nyingi za bendi zetu zimo katika kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania, na baadhi ya waliozitunga na kuzipiga bado wako hai, wazee wenye kumbukumbu kali. Wanaalikwa kwenye tamasha wapige ule wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua, kisha wanapewa bahasha na usafiri wa kurudi nyumbani. Mmoja wao akalishwe mbele ya kanda zake zote na daftari mkononi, aseme huu uingie, huu ubaki nje, huu uufuate ule, na aandike sababu kwa mkono wake, kabla mtu mwingine hajamchagulia.